Ilimba Iliyoshuka Pwani

Mlingotini ni kijiji ambacho jina lake limeelekea baharini. Mlingoti ni ule mti wa kushikia tanga, na mwenye kutamka jina la kijiji hiki hana budi kuona vyombo vimetia nanga kwenye hori, mikoko imewazunguka wenyeji pande zote, na wanawake wakiinama kufunga mwani kwenye kamba maji yanapotoka. Kutoka hapo, ukifuata pwani kwenda kaskazini, utapita Mbegani, utapita magofu ya Kaole na misikiti yake ya kale, kisha utaingia Bagamoyo mjini. Ni mwendo mfupi, na kila kitu njiani kinamwambia mpitaji kwamba hapa ni nchi ya chumvi, ya nazi, ya dini na ya mashairi. Kwa hiyo si ajabu kwamba kwa miaka mingi wapenzi wa fasihi ya pwani hii walipita karibu na mmoja wa wasanii wakubwa kabisa waliopata kuishi katika wilaya yao wasigeuze shingo. Mtu huyo hakuwa wa baharini. Alikuwa Mgogo, na chombo chake kilitoka katika nchi isiyojua ngalawa.

Jina lake ni Hukwe Zawose. Makala haya yanahusu yeye, kundi lililokua kutokana na ukoo wake, na wale waliolirithi.

Yafaa kuanza nyuma kidogo, maana uhusiano wa Bagamoyo na Ugogo haukuanza na ngoma. Katika karne ya 19 njia ya kati ya misafara ilianzia katika pwani hii, ikapanda hadi Ugogo, ikaendelea Unyanyembe hadi Ujiji penye ziwa. Burton na Speke walishukia Kaole mwaka 1857. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871. Na mwezi Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliushusha mwili wa Livingstone katika mji huo huo. Wote hao, pamoja na maelfu ya wapagazi ambao vitabu havikujali kuwataja, waliijua Ugogo kama sehemu ya kuhofiwa. Ni nchi kame. Maji yake ni ya visima, na mwenye kisima ndiye mwenye neno. Watemi wa Kigogo walidai hongo kwa kila msafara uliotaka kunywa na kupita, na msafara ulilipa kwa nguo, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Watu wa pwani waliporudi nyumbani walisimulia habari za hongo. Hawakusimulia habari za nyimbo. Hapo ndipo lilipozaliwa lile sikio moja ambalo pwani imekuwa ikiwasikilizia Wagogo: sikio la mfanyabiashara aliyetozwa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walikwisha kuhamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipotoka huko ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914, Bagamoyo ikabaki na majumba yake ya mawe na milango yake ya nakshi, ikitazama barabara ambayo haikuleta tena mtu.

Aliyeifufua barabara hiyo, kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri, ni Serikali ya Uhuru. Mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalalamika kwamba waliosoma walikuwa wamefundishwa kucheza dansi za kigeni huku ngoma za wazee wao wakiziona aibu. Maneno hayo yalifuatiwa na kitendo. Katika miaka hiyo ya 1960 likaundwa kundi la ngoma la taifa, na wachezaji na wapigaji wakatafutwa mikoani. Ndipo Hukwe Zawose, kijana wa Dodoma aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika nyumba ya wapigaji, akaitwa Dar es Salaam.

Kuna jambo la kulitia maanani hapa. Ngoma ikitolewa kijijini ikapandishwa jukwaani hupata kitu na hupoteza kitu. Ngoma ya mavuno haina tena mavuno. Ya jando haina tena jando. Muda wake hukatwa ukawa dakika kumi, kwa kuwa mgeni wa Serikali ana ratiba. Kundi la taifa lilichanganya Wamakonde na Wasukuma, Wazaramo na Wagogo, na kila kabila likatoa ngoma yake moja au mbili kama mtu atoavyo mchango wa harusi. Wengi waliopita katika kundi hilo walijifunza kuwa watumbuizaji wazuri. Wachache walijifunza kuwa watunzi. Zawose alikuwa miongoni mwa hao wachache, na sababu yake, kwa maoni ya makala haya, ni kwamba ala aliyokuja nayo haikuhitaji umati. Mtu mmoja mwenye ilimba mikononi ni kundi kamili.

Kundi la taifa lilipovunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na Chuo cha Sanaa, kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zawose akahamia huko, akajenga, akaoa na kuzaa, na ukoo wake ukakua mpaka ukawa kama mtaa wa Ugogo ulioshushwa kando ya bahari. Msafara ulikuwa umerudi. Safari hii haukubeba pembe wala watu waliofungwa minyororo, na hakuna aliyetoza hongo.

Sasa na tuitazame ala yenyewe, kwa sababu wasomaji wengi wa pwani huijua kwa jina la jumla tu, marimba ya mkono. Ilimba ni sanduku la mti ambalo juu yake zimepangwa ndimi za chuma, na mpigaji huzibinya na kuziachia kwa vidole vya gumba. Ilimba za wachungaji ni ndogo, za kumsindikiza kijana nyuma ya ng'ombe. Za Zawose zilikuwa kubwa, zenye ndimi kwa makumi. Na katika ndimi hizo zimo ambazo hazipigwi kabisa. Zimewekwa ili zitikisike zenyewe pale jirani zake zinapoguswa, ziongeze uvumi wake chini ya sauti iliyokusudiwa. Sandukuni huwa na tundu dogo linalozibwa kwa utando wa buibui, nalo hutia mtetemo kama wa nyuki, mtetemo ambao fundi wa studio asiyeujua angedhani ni hitilafu ya mtambo. Pamoja na ilimba kuna zeze, la nyuzi mbili au zaidi, linalopigwa kwa upinde, kuna filimbi, kuna njuga miguuni, na kuna ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wamesimama, ngoma zimebanwa mapajani. Jambo hilo la mwisho tutalirudia.

Juu ya ala hizo inakaa sauti. Uimbaji wa Kigogo ni wa sauti nyingi kwa pamoja, zikienda sambamba kwa nafasi ambazo wataalamu wa muziki wamezihusisha na uvumi wa asili wa uzi mmoja unaotetemeka: ndani ya sauti moja mna sauti nyingine ndogondogo zilizopandana, na Wagogo wamezitoa humo wakazigawana waimbaji. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika na vinasa sauti vyake mwaka 1950, alizirekodi nyimbo za Wagogo. Na baada yake wengi walikwenda Dodoma kutafuta sauti hizo. Zawose aliziweka zote katika koo moja. Aliweza kuanzia chini kabisa, sauti ya mzee anayenguruma, kisha akaruka juu kuliko sauti za wanawake, akashuka tena kabla msikilizaji hajajua lililotokea.

Hapa mpenzi wa mashairi ana swali lake, na ni haki yake kuuliza: maneno yako wapi? Pwani imezoea kwamba wimbo ni shairi lililopewa sauti. Tangu wahenga wa tenzi hadi Sheikh Amri Abedi, aliyeziandika kanuni za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, sisi hupima kwa vina na mizani, na mwimbaji wa taarabu akibadili neno moja wasikilizaji humrekebisha kutoka vitini. Kwa kipimo hicho nyimbo za Kigogo huonekana kama zimepungukiwa. Zina mistari mifupi, inayorudiwarudiwa. Zina miito isiyo na maana ya kamusi. Hazina kina cha mwisho wala cha kati. Wako waliosema, na si zamani sana, kwamba hizo ni kelele nzuri tu.

Ni kosa, na linatokana na kutafuta mizani mahali isipokuwapo. Katika wimbo wa Kigogo mizani haiko katika silabi. Iko katika mpangilio wa sauti zinazopandana. Neno likirudiwa mara ya pili si neno lile lile, kwa kuwa safari hii limevikwa sauti nyingine juu yake, na mara ya tatu limevuliwa tena. Mshairi wa pwani hubadili neno ili kina kibaki. Mtunzi wa Kigogo hubakisha neno ili kila kinachomzunguka kibadilike. Mwenye kufahamu hili hatauliza tena kwa nini mistari ni michache. Na zaidi ya hayo, Zawose alitunga pia kwa Kiswahili, akaisifu nchi na siasa yake kama walivyofanya wasanii wote wa zama za Ujamaa. Nyimbo hizo zinaeleweka na kila mtu, ingawa, kusema kweli, si hizo zinazomfanya mtu aache alichokuwa akikifanya.

Katikati ya miaka ya 1980 Triple Earth, kampuni ndogo ya santuri ya London iliyokuwa nje ya majumba makubwa ya biashara hiyo, ilitoa santuri iliyoitwa Tanzania Yetu. Ikafuata nyingine, Mateso, ambayo Zawose aliitengeneza pamoja na mafundi wenzake Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Wajapani nao wakamsikia, na kampuni ya JVC ikatoa rekodi zake. Kampuni ndogo zina tabia moja ambayo mashairi pia huifaidi: hazina fedha za kumbadilisha mtu. Zilimwachia apige kama alivyopiga. Ndiyo maana rekodi hizo za mwanzo, kwa maoni ya wengi waliozisikiliza zote, ndizo zilizo karibu zaidi na kibaraza cha nyumba yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza aliyeshiriki kuanzisha tamasha la WOMAD mwaka 1982, alifungua mwaka 1989 kampuni ya Real World, na kampuni hiyo ikatoa Chibite mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja mbili nyingine. Moja ni Assembly, iliyofanywa na Michael Brook wa Kanada, ambamo ilimba na zeze vimewekwa pamoja na gitaa na mitambo. Ya pili ni Mkuki Wa Rocho, aliyoimba pamoja na Charles Zawose, kijana wa ukoo wake. (Mtu wa pwani angeandika roho, na wazee wenye kupenda khe yao wangesema rokho, hiyo ch ya jaladani haikosi kumfanya msomaji atabasamu, lakini haimpunguzii mkuki makali yake.) Kati ya hizo mbili Assembly ndiyo iliyozungumzwa zaidi na magazeti ya Ulaya, na ndiyo iliyo dhaifu. Si kwamba mitambo ni haramu. Ila ule mtetemo wa utando wa buibui ulikuwa tayari unafanya kazi ambayo mitambo iliitwa kuifanya, na vitu viwili vikifanya kazi moja, kimoja huwa mgeni. Mkuki Wa Rocho haina mgeni.

Mwaka 2002 Zawose na Charles walifungua maonyesho ya Peter Gabriel huko Marekani, mbele ya kumbi zenye maelfu ya watu. Fikiri, msomaji: wakati huo huo hapa nyumbani vijana walikuwa wakigeukia bongo fleva, redio binafsi zilikuwa zimeshika kasi, na mtu angeweza kuishi miaka kumi Bagamoyo asisikie ilimba ila siku za tamasha la Chuo, linalofanyika kila mwaka. Wala lawama zote zisitupiwe vijana. Wasomi wa Kiswahili, waliozoea kuwatafuta malenga hadi visiwani, hawakumtafuta huyu aliyekuwa mlangoni. Majarida yetu yaliandika juu ya taarabu kurasa kwa kurasa, na yalikuwa na haki. Lakini mtu anayetaka leo kusoma maneno ya Zawose kwa Kigogo na tafsiri yake ya Kiswahili, yamepangwa kama yapangwavyo mashairi ya wengine, hatapata kazi rahisi. Mjapani na Mwingereza walimnasa sauti. Kumwandika ilikuwa kazi yetu.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Wiki chache baadaye, mwezi Februari 2004, ng'ambo ya mkondo, Unguja ilifungua kwa mara ya kwanza tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, jukwaa ambalo lingemfaa kuliko mengi aliyoyapanda, hakuliwahi. Na kabla ya mwaka huo kwisha, Charles naye akafariki. Waliotegemea kwamba kijana atabeba ala ya mzee waliwazika wote wawili katika muda usiotimia miaka miwili.

Kundi linalosimama juu ya mtu mmoja huanguka naye. Huo ndio mwisho wa makundi mengi, ya ngoma na ya dansi pia, na ilionekana kwamba hili halitakuwa tofauti. Lakini ukoo si bendi. Bendi ikivunjika kila mmoja huchukua gitaa lake. Ukoo ukifiwa hubaki kulala nyumba moja. Nyimbo zikaendelea kuimbwa Bagamoyo kwa sababu misiba na harusi hazikukoma, na watoto walijifunza zeze kama watoto wa Mlingotini wanavyojifunza kupiga kasia, bila ya mtu kuwaambia kwamba wanafundishwa.

Wa kwanza kutoka na jina lake mwenyewe alikuwa Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe. Mwaka 2017 alitoa Uhamiaji kupitia Soundway, nayo kampuni huru ya London. Humo ala za Kigogo zimeunganishwa na mitambo ya kisasa kwa namna ambayo mtu mwenye kumbukumbu ya Assembly ataogopa kabla hajasikiliza. Haina haja. Msafiri alikua akisikia vyote viwili, ilimba uani na redio dirishani, na katika mikono yake mtambo hauji kuisaidia ilimba. Huachiwa pengo lake mapema, hukaa humo. Jina Uhamiaji nalo si la bure kwa familia iliyotoka Dodoma, ingawa kwa sikio la Mtanzania linaleta kwanza harufu ya ofisi, foleni na muhuri wa pasipoti.

Lakini lililo kubwa zaidi lilitoka upande ambao hata wapenzi wa kundi hawakuutazama. Tulisema kwamba muheme hupigwa na wanawake. Katika kundi la Hukwe wanawake walikuwapo tangu mwanzo. Wao ndio waliokuwa ukuta wa sauti ambao yeye aliegemea, wao waliozibana ngoma mapajani na kuitikia. Hawakuongoza wimbo, na ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwenye kuzisikiliza upya rekodi za zamani atagundua jambo la kutahayarisha: ile sauti ya juu iliyosifiwa kwa jina la mtu mmoja mara nyingi imebebwa na sauti tatu nne za wanawake ambao msikilizaji hakuwahi kujiuliza majina yao.

Mwaka 2024 Real World ilitoa albamu iitwayo Maisha, ya The Zawose Queens. Malkia hao ni Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Kampuni ni ile ile iliyomtoa mzee miaka 28 kabla, mji ni ule ule, lakini mpangilio umepinduliwa. Waliokuwa waitikiaji ndio waanzilishi wa wimbo. Zeze na ilimba ziko mikononi mwao. Na ngoma ambazo zilikuwa zao siku zote sasa zinasikika mbele, kwa uzito ambao rekodi za awali hazikuwapa. Hawamwigi mzee. Hakuna kule kuruka kwa ghafla kutoka chini hadi juu kulikowafanya watu wa kumbini washike midomo. Badala yake kuna sauti mbili zinazokwenda sambamba, karibu sana, kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja wakijua kila mmoja anapokanyaga mwenzake. Wamekwenda nazo Uingereza, wakapokewa vizuri, na wamerudi Bagamoyo.

Katika pwani ya Mlingotini jambo hili lisiwe gumu kueleweka. Huko mwani, uliokuja kulimwa tangu miaka ya 1990, ni kazi ya wanawake tangu kupigilia vigingi hadi kuanika, na aliyeipita pwani hiyo wakati wa maji kutoka amesikia wanavyoitana kutoka kamba hadi kamba, mmoja akianza na wenzake wakimalizia, upepo ukichukua nusu ya maneno. Wengi wao hawajui Kigogo. Bahari kavu inapoanza kujaa, aliye mbali zaidi ndiye huanza kuimba wa kurudi, na walio karibu na nchi kavu humwitikia mpaka afike.